Homa Imeshuka, Uvimbe Umebaki
Mhadhara kwa umma juu ya maambukizi ya titi na jipu la titi kwa mama anayenyonyesha

Naomba radhi mapema kwa kuwa nitasema waziwazi juu ya kiungo ambacho desturi zetu hazipendi kitajwe mbele ya hadhara. Stara hiyo ni njema na ina mahali pake. Lakini ikiingia hadi kwenye chumba cha mganga, humponza mwenye nayo. Mama hueleza homa, kichwa kuuma na viungo kulegea, titi asilitaje mpaka aulizwe. Na asipoulizwa, hurudi nyumbani na dawa ya ugonjwa mwingine.

Kusudi langu leo ni kueleza namna ya kutofautisha hali mbili zinazomsumbua mama anayenyonyesha, yaani maambukizi ya titi na jipu la titi. Nitadai kwamba tofauti hiyo mara nyingi haipatikani kwa kulitazama titi mara moja, hata macho yanayotazama yawe ya mtaalamu. Hupatikana kwa kulitazama tena baada ya siku moja au mbili. Kwa hiyo, kasoro kubwa ya huduma yetu haiko kwenye mashine tusizokuwa nazo. Iko kwenye mama tunayempa dawa bila kumwambia arudi lini. Nitaanza na hali zenyewe, nije kwenye dalili, kisha muda, kisha matibabu, na mwishoni nijibu pingamizi zinazotolewa mara kwa mara.

Hoja ya kwanza ni kwamba jipu halipaswi kufikiriwa kuwa ni maambukizi yale yale yaliyokuwa makali zaidi. Ni hali nyingine, ingawa huzaliwa na ile ya kwanza. Maziwa yanapokaa ndani ya titi bila kutoka vizuri, kwa sababu mtoto hajashika titi sawasawa, au ameruka manyonyesho kadhaa, au nguo imebana, sehemu ile hujaa, hukaza na kuanza kuuma. Mwili hupeleka damu na majimaji pale, na titi huvimba na kuwa la moto hata kabla bakteria hawajaingia. Bakteria wakiingia, hasa stafilokokasi, ambao huishi kwenye ngozi zetu na katika pua za watoto, hupitia mara nyingi kwenye chuchu iliyochanika. Hapo ndipo tunasema titi limeambukizwa. Katika hatua hiyo ugonjwa umetapakaa ndani ya nyama ya titi, damu inapita, na dawa iliyomezwa inafika. Jipu ni jambo jingine. Nyama imekufa mahali fulani, usaha umekusanyika, na mwili umejenga ukuta kuuzunguka. Ndani ya ukuta ule damu haipiti, na dawa inayobebwa na damu hufika kwa shida sana. Maambukizi hutibiwa kwa dawa na kwa maziwa kuendelea kutoka. Usaha uliofungiwa lazima utolewe. Mama mwenye jipu anayepewa vidonge peke yake anapewa nusu ya tiba, na mama asiye na jipu anayepasuliwa anajeruhiwa bure.

Hii ndiyo sababu ukali wa homa hauwezi kuwa kipimo. Mtu angetarajia kwamba mwenye jipu ndiye atakayekuja akitetemeka na amedhoofika kuliko mwenzake. Mara nyingi huwa kinyume. Mama mwenye maambukizi ya siku ya kwanza anaweza kufika na joto la nyuzi 39, baridi kali na mwili mzima unamuuma kama mwenye mafua makubwa, wakati mwenye jipu la siku nane anafika kwa miguu yake, homa imeshuka, hamu ya kula imerudi, analalamikia donge tu. Tukipanga foleni kwa kuangalia nani anaonekana mgonjwa zaidi, wa pili atasubiri, na huenda akaambiwa anaendelea vizuri.

Hoja ya pili ni kwamba dalili zinasaidia, lakini tumefundishwa kuzisoma kwenye ngozi zisizo zetu. Vitabu vingi vinasema titi lililoambukizwa huwa na alama nyekundu iliyopanuka kama kabari kutoka kwenye chuchu. Kwa mama mwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Kinachoonekana ni ngozi kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau kidogo, kung'aa, kukaza, na pengine kuwa na vitundu vidogo mithili ya ganda la chungwa kwa sababu ya majimaji yaliyojaa chini yake. Kwa hiyo mikono lazima ifanye kazi ambayo macho hayawezi. Naomba vijana wa vyuo mnisikilize kwa makini hapa, maana hili halihitaji umeme wala mashine. Mama anyonyeshe kwanza, au akamue kidogo, kwa sababu titi lililojaa maziwa huficha yaliyo ndani. Aketi, matiti yote mawili yawe wazi, mtaalamu awe amenawa na kuipasha mikono joto. Aanze na titi lisilouma ili ajue lilivyo la mama huyu. Kisha alishike linalouma kwa mgongo wa mkono kupima joto, na kwa ncha za vidole kutafuta mpaka wa ugumu.

Katika maambukizi, ugumu hauna mpaka ulio wazi. Unaanza pole pole, unaenea, na kumezwa na nyama laini bila kujua umeishia wapi. Katika jipu, vidole hugusa donge lenye kingo. Ukiweka kidole kimoja upande huu wa donge na kingine upande wa pili, kisha ukabonyeza kwa kimoja, cha pili hunyanyuliwa na majimaji yanayohama ndani. Jipu likiwa limekaribia kutoboka, ngozi iliyo juu yake huwa nyembamba, inang'aa na kuanza kuambuka, na kati yake panakuwa laini ajabu huku pembeni pakiwa pagumu. Mwanafunzi akiisha kuigusa hali hiyo mara moja, hatahitaji kukumbushwa.

Hata hivyo vidole vina mwisho wao. Titi la mama anayenyonyesha ni kubwa na zito, na jipu lililojificha nyuma, karibu na kifua, linaweza lisitoe mtikisiko wowote kwenye vidole. Kwa upande mwingine, mfuko wa maziwa yaliyozibiwa njia huweza kutikisika kama jipu ilhali hauna usaha. Hapa kipimo cha altrasaundi ndicho shahidi bora. Huonyesha kama kuna majimaji yaliyokusanyika, yako kwa kina gani na yana ukubwa gani. Na pale ambapo altrasaundi haipo, sindano iliyochomwa kwa usafi na mtu aliyefunzwa huthibitisha. Usaha ukivutwa ndani ya bomba, jibu limepatikana na matibabu yameanza kwa wakati mmoja. Yakivutwa maziwa, pia tumejua.

Sasa nafika kwenye hoja ya tatu, ambayo ndiyo moyo wa mhadhara huu. Muda ni kipimo, na ni kipimo ambacho kila zahanati nchini inacho. Maambukizi yanayotibiwa ipasavyo hubadilika ndani ya siku moja hadi mbili: homa hushuka, maumivu hupungua, na, hili ndilo la kuzingatia, ugumu nao huanza kulainika na kupungua upana. Homa ikishuka na uvimbe nao ukapungua, tuna haki ya kutulia. Lakini homa ikishuka na uvimbe ukabaki pale pale, au ukajikusanya na kuwa na kingo, au maumivu yakahama kutoka kwenye titi zima na kuganda mahali pamoja, lazima tudhani ni jipu mpaka tuthibitishe vinginevyo. Antibiotiki zimetuliza ugonjwa uliokuwa kwenye nyama inayopitiwa na damu, zimeuacha ule uliofungiwa ndani ya ukuta. Mama mwenyewe atasema amepona nusu. Kauli hiyo ya kupona nusu ina thamani kubwa kuliko kipimajoto, na mhudumu anayeisikia anapaswa kuinuka kitini.

Ushahidi upo kwamba hali hizi hazilingani na kwamba mwenendo wake hubadilishwa na tunachofanya mapema. Mwaka 1984 Thomsen na wenzake nchini Denmaki walichunguza maziwa ya akina mama wenye matiti yaliyovimba wakahesabu seli nyeupe na bakteria. Waligundua makundi matatu: maziwa yaliyokwama tu, uvimbe bila maambukizi, na maambukizi yenyewe. Katika kundi la maambukizi, walioachwa bila tiba walipata jipu kwa asilimia 11, wakati waliopewa antibiotiki pamoja na kuendelea kutoa maziwa karibu wote walipona na kunyonyesha kama kawaida. Nchini Australia, utafiti wa Amir na wenzake uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba takriban 3 kati ya kila akina mama 100 waliotumia antibiotiki kwa maambukizi ya titi walifikia kupata jipu. Namba hiyo ndogo inatuliza, na ndiyo inayotulaza. Mhudumu anayeona akina mama wengi wakipona kwa vidonge husahau kwamba wapo wachache ambao vidonge haviwezi kuwaponya, na hao hawawezi kujulikana siku ya kwanza. Watajulikana siku ya pili au ya tatu, endapo watarudi.

Na je, wanarudi? Tutazame ratiba. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe ndani ya saa 24 baada ya kujifungua, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Shirika hilo hilo, katika mapitio yake ya mwaka 2000, lilisema maambukizi ya titi hutokea zaidi katika wiki ya pili na ya tatu. Wiki ya tatu iko kwenye pengo. Baina ya siku ya 14 na wiki ya sita hakuna miadi, na ndipo mama huachwa na ushauri wa nyumbani, tena mara nyingi na duka la dawa lililo karibu.

Hapa pana jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Katika nchi zenye malaria, mzazi anayetetemeka kwa homa hupimwa malaria kwanza, na ni sawa apimwe. Kosa huanza pale kipimo kinapoonyesha ana vimelea na uchunguzi ukaishia hapo. Vimelea ndani ya damu havizuii bakteria ndani ya titi. Kila mama anayenyonyesha mwenye homa, awe na malaria au asiwe nayo, anastahili matiti yake yachunguzwe, sawa na tumbo la uzazi na mkojo. Swali lenyewe ni la sekunde kumi: mama, titi linauma?

Hoja ya nne ni juu ya matibabu, na nitaipitia kwa kifupi kwa kuwa inaongozwa na zilizotangulia. Kwa maambukizi, mama aendelee kunyonyesha, apate dawa ya maumivu kama parasetamoli au ibuprofeni, apumzike. Antibiotiki zikihitajika, ziwe zinazomweza stafilokokasi. Shirika la Afya Duniani hutaja kloksasilini au flukloksasilini, kwa kipimo na muda atakaoandika daktari. Amoksilini inayonunuliwa dukani kwa siku tatu haitoshi, kwa sababu stafilokokasi walio wengi hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja. Kozi ya namna hiyo hupunguza homa kidogo na kuacha ugonjwa ukijificha. Kwa jipu, usaha uvutwe kwa sindano, kwa msaada wa altrasaundi panapowezekana, na zoezi lirudiwe kila baada ya siku chache mpaka pakauke. Kupasua kunabaki kwa majipu makubwa sana, yaliyogawanyika vyumba, au ambayo ngozi yake iko karibu kutoboka. Sindano huacha alama ndogo na mama hurudi nyumbani siku ile ile. Ikiwa donge halipungui licha ya yote hayo, tusiendelee kuandika antibiotiki mwezi baada ya mwezi. Ipo saratani ya titi inayojifanya uvimbe wa maambukizi, na mama anayenyonyesha hana kinga dhidi yake. Nyama ipelekwe maabara.

Sasa pingamizi. La kwanza na lenye nguvu kuliko yote hutoka majumbani, kwa mabibi na mashangazi zetu, na wakati mwingine kwa watumishi wa afya: titi lina usaha, maziwa yameharibika, mtoto aachishwe. Naielewa hofu hiyo, maana chanzo chake ni kumpenda mtoto. Lakini kuachisha ghafla huongeza maziwa yaliyokwama, ambayo ndiyo chakula cha ugonjwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1975 na Marshall na wenzake ulikuta kwamba majipu yote yaliyotokea yaliwapata akina mama walioamua kuachisha, na hakuna aliyepata jipu kati ya walioendelea. Mtoto mchanga mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati hadhuriki kwa maziwa ya titi lililoambukizwa. Hata mama mwenye jipu anaweza kunyonyesha, isipokuwa pale ambapo mdomo wa mtoto ungegusa kidonda au usaha. Wakati huo titi lile likamuliwe, na mtoto anyonye la pili. Nchini Tanzania, kwa takwimu za mwaka 2022, asilimia 64 ya watoto chini ya miezi sita walikuwa wananyonya maziwa ya mama pekee. Kila ushauri wa haraka wa kuachisha unabomoa mafanikio hayo, nyumba moja kwa wakati.

Liko kundi moja linalohitaji maneno yake. Kwa mama anayeishi na VVU, titi lenye ugonjwa lina uzito zaidi. Tafiti za Blantyre, Malawi, mwaka 1999, na za Nairobi mwaka 2001, zilionyesha kwamba maambukizi ya titi yanahusiana na mtoto kuambukizwa VVU kwa kunyonya, na ule wa Nairobi ulitaja pia jipu. Zilifanywa kabla ARV hazijawafikia akina mama wengi, na leo mama anayemeza dawa zake sawasawa, virusi vikiwa vimefubazwa, yuko katika hali tofauti kabisa. Hata hivyo ushauri unabaki kwamba afike kliniki mapema, mtoto anyonye titi lisilo na ugonjwa, na linaloumwa likamuliwe maziwa yamwagwe mpaka lipone. Tusimtishe mama huyu, wala tusimchanganye katika ushauri wa jumla.

Pingamizi la pili hutoka kwa wahudumu: kwa nini tusimpe kila mama antibiotiki siku ya kwanza, tukazuia majipu yote? Jibu ni kwamba sehemu ya matiti yanayovimba hayana bakteria, kama walivyoonyesha Wadenmaki, na mengi hutulia kwa siku moja ya mapumziko, dawa ya maumivu na kunyonyesha. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha madaktari wa unyonyeshaji, unataka hatua hizo zitangulie kwa mama ambaye hajazidiwa. Mwongozo huo umebadilisha pia jambo tulilozoea. Zamani tulihimiza titi likamuliwe mpaka liishe, likandwe kwa maji ya moto na kusuguliwa kwa nguvu. Sasa tunaambiwa kusugua kwa nguvu huumiza nyama na kuongeza uvimbe, kukamua kupita haja ya mtoto huchochea maziwa mengi zaidi, na kitambaa cha baridi hutuliza kuliko cha moto. Najua kauli hii itapokelewa kwa mashaka katika nyumba ambazo mzazi hukandwa siku arobaini. Hakuna anayepiga marufuku kumkanda mzazi mgongo na kiuno. Titi lililovimba ndilo lisikandamizwe.

La tatu ni la uwezo. Husemwa kwamba kutofautisha hali hizi ni anasa ya hospitali za rufaa. Nimekwisha kuonyesha kwamba vidole, muda na sindano hupatikana chini ya hapo. Kinachokosekana ni utaratibu, na utaratibu haununuliwi nje.

Kwa hiyo naangalia mbele nikiwa na mapendekezo ambayo ningeomba yajadiliwe hapa hapa. Kila mama anayepewa dawa ya titi aandikiwe kwenye kadi tarehe ya kurudi, isiyozidi saa 48, na aambiwe arudi hata kama homa imeisha. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa nchini Tanzania mwaka 2024, wapewe wiki ya tatu kuwa wiki yao ya kumtembelea mzazi, na swali la titi liwe kwenye daftari lao. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, ambao tangu majaribio ya Songea mwaka 2003 wamekuwa mlango wa kwanza wa wagonjwa wengi vijijini, wafundishwe kumpeleka kituoni mama mwenye donge la titi badala ya kumuuzia vidonge vichache. Vituo vya afya vyenye altrasaundi ya wajawazito vitumie mashine ile ile kwa matiti, na matabibu wake wafunzwe kuvuta usaha kwa sindano. Waajiri nao wakumbushwe kwamba sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku, kwa sababu titi lililoachwa kuanzia asubuhi hadi jioni ndilo linaloanza safari niliyoieleza. Utekelezaji unaweza kuanza na wilaya moja, kwa miezi kumi na miwili, tukihesabu akina mama wangapi walirudi siku ya pili na majipu mangapi yalikutwa yakiwa bado madogo ya kuvutwa kwa sindano.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako sasa nitapokea maswali, na ningeomba waanze wakunga.